SOMO LETU: MTOTO ANAPOTOLEWA DAMU



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumekwisha soma pamoja juu ya hesabu ya mshahara, juu ya glavu na viatu vya kazi, na juu ya kusomewa karatasi kabla ya kutia kidole. Safari hii somo letu ni juu ya mtoto aliyepelekwa zahanati kutolewa damu ya kupimwa. Wako ndugu watakaouliza: chama cha wafanyakazi na sindano ya mtoto, wapi na wapi? Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tuliuliza hivyo hivyo mpaka siku moja tulipokuwa katika shamba moja la miwa, tukiandikisha wanachama wapya.

Tulifika kwenye zahanati ya kampi asubuhi kuomba maji ya kunywa. Ndani alikuwamo mtoto wa kiume wa miaka minne, ana homa, ameletwa na dada yake wa miaka tisa. Mama yao alikuwa shambani. Nyapara alikuwa amemwambia kwamba akiacha mstari wake kabla ya kuumaliza, hana siku. Fundi wa maabara alikuwa mmoja tu, na foleni ilitoka mlangoni ikafika chini ya mwembe. Mtoto alipoliona bomba la sindano alipiga kelele akarusha mateke. Dada yake alisimama pembeni, naye analia. Tukaitwa: "Nyinyi wanaume, njooni mshike huyu!" Tukamshika. Wawili wetu miguu, mlinzi mikono, mwingine kichwa. Sindano iliingia mara tatu kabla ya damu kupatikana, kwa sababu mtoto alikuwa akijivuta. Tulitoka pale tukijiona tumetoa msaada.

Baada ya miezi miwili homa ilimrudia, lakini mtoto hakusema. Alikuwa amejifunza kwamba anayesema kichwa kinauma hupelekwa kwenye chumba kile. Alijificha kwenye banda la kuni. Dada yake alijua, naye hakusema, kwa kuwa yeye ndiye angetumwa kumpeleka. Mama alirudi jioni akamkuta amelala, akadhani amechoka kwa michezo. Siku ya pili usiku degedege ilianza. Mtoto alipelekwa hospitali juu ya trekta, akaongezewa damu, na mama alikaa kando ya kitanda siku nane bila mshahara. Mtoto alipona. Mama yake alipotukuta tena alituuliza jambo moja tu: "Mlimshika vile kwa nini?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu, malaria ya mtoto mdogo huweza kuwa kali ndani ya siku moja. Basi mtoto anayeogopa kusema anaumwa yuko katika hatari kubwa kuliko sindano yenyewe. Ndiyo sababu tulianza kuuliza. Tulibahatika kumpata mama mmoja muuguzi mstaafu, anayekaa karibu na kampi, akakubali kuja Jumapili kwenye kikundi chetu cha kusoma. Mengi tunayoandika hapa alitufundisha yeye.

MAUMIVU HUPITA WAPI

Muuguzi alianza kwa kutuuliza swali. Ni nani kati yetu hajawahi kukatwa na jani la muwa au na panga akiwa mbioni kumaliza mstari, asijue mpaka alipoona damu? Wote tulicheka, kwa maana wote imetupata. Halafu akauliza: na jino, huuma zaidi mchana ukiwa kazini au usiku ukiwa umelala macho? Usiku. Jino ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi ya akili.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza jambo hili kwa mfano wa lango. Habari ya maumivu hutoka kwenye ngozi, hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo, na pale kuna kitu kama lango kabla ya habari kupanda kwenye ubongo. Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari watakumbuka lango la mizani. Matrekta yanapanga foleni, na mtu wa mizani anaweza kuyaachia mengi au machache. Ubongo nao hutuma amri kwenye lango hilo. Ukiwa na woga na unaingoja sindano tu, lango hubaki wazi. Akili ikiwa na shughuli nyingine, lango hufungwa kidogo na maumivu yanayopita hupungua. Wataalamu wa baadaye wamerekebisha sehemu nyingi za maelezo hayo, lakini jambo kubwa limebaki: maumivu hayapimwi kwa ukubwa wa sindano peke yake.

Kuna na jambo la pili. Mwenye woga mishipa ya damu ya mikono yake husinyaa na misuli hukaza. Fundi hupata shida kuuona mshipa, hukosea, huchoma tena. Woga huzaa maumivu, na maumivu huzaa woga wa safari ijayo.

Mtu asije akasema kwamba mtoto mchanga hajui maumivu, ni kilio tu. Hata madaktari wakubwa walisema hivyo. Mpaka miaka ya 1980, katika hospitali za Ulaya na Marekani, watoto wachanga wengi walipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya maumivu. Mwaka 1987 daktari K. J. S. Anand na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wakipewa dawa ya maumivu ya kutosha wakati wa kupasuliwa, miili yao ilistahimili vizuri zaidi na matatizo ya baadaye yalipungua. Tena mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake wa Kanada walionyesha kwamba watoto wa kiume waliotahiriwa bila dawa ya ganzi waliumia zaidi walipochomwa chanjo miezi minne hadi sita baadaye. Mwili wa mtoto mchanga, ambaye hata jina lake halijui, ulikuwa umeweka kumbukumbu.

MANENO YETU WENYEWE

Kabla ya kumlaumu mtu wa zahanati, tujitazame nyumbani. Mara ngapi tumemwambia mtoto aliyekataa uji: "Nitamwita daktari akuchome sindano"? Tumeifanya sindano kuwa fimbo. Halafu siku ya homa tunataka mtoto huyo huyo amnyooshee daktari mkono. Hii tuiache leo, haina gharama.

Pili, uwongo. "Twende tukanunue mandazi," kumbe ni zahanati. "Haiumi hata kidogo," kumbe inauma. Mtoto akidanganywa mara moja, mara ya pili hata ukweli hatausadiki. Muuguzi alitufundisha kusema hivi: "Tunakwenda kupima damu ili tujue dawa gani itakufaa. Utasikia kama mchomo mdogo, halafu itakwisha. Mimi nitakuwa nimekupakata." Mtoto mdogo aambiwe siku ile ile, muda mfupi kabla. Ukimwambia siku tatu mbele atakosa usingizi siku tatu. Mkubwa wa shule aweza kuambiwa jana yake, ili apate kuuliza maswali.

Tatu ni neno "pole", na hapa tulibishana mpaka jua likazama. Wataalamu wa Marekani tangu miaka ya 1980 waliwatazama wazazi na watoto katika vyumba vya sindano, wakaona kwamba mtu mzima anaposema tena na tena usiogope, pole, nisamehe mwanangu, mara nyingi mtoto huzidi kulia. Akikaripiwa pia huzidi. Lakini akizungumziwa jambo jingine kabisa hutulia. Dada mmoja mchuma chai alisimama akasema: "Mwanangu anaumia nisimwambie pole? Mimi ni jiwe?" Wengi tulimpigia makofi. Muuguzi akamjibu: "Mwambie, lakini baada ya sindano kutoka. Kabla yake, kila pole unayomwambia anaisikia kama kengele ya hatari. Anajiuliza, kama si jambo baya, mama anaogopa nini?" Dada hakukubali siku ile. Juma la pili alirudi akasema amejaribu, na kwamba kilichokuwa kigumu zaidi ni kuutuliza uso wake yeye mwenyewe.

Na kina baba tuache kusema "mwanamume halii". Mtoto alie akitaka. Kilio hakimzuii fundi kufanya kazi, mkono unaotikisika ndio unaomzuia.

KUMSHUGHULISHA

Sasa tunafika kwenye kazi yenyewe. Kumshughulisha mtoto maana yake ni kuipa akili yake kazi nyingine kabla sindano haijagusa ngozi, na kuiendeleza mpaka pamba imewekwa. Wengi hukosea hapa. Wanangoja mtoto aanze kulia ndipo wapige makofi na kuimba. Saa hiyo lango limekwisha kuwa wazi.

Mtoto wa kunyonya anyonyeshwe. Aanze dakika chache kabla, aendelee wakati wa sindano na baada yake. Maziwa, joto la mama na harufu yake vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo mwaka 2015 juu ya kupunguza maumivu ya chanjo, na kunyonyesha ni moja ya mambo lililotaja. Maelezo yale yaliandikwa kwa ajili ya chanjo, lakini sindano ni sindano. Mahali ambapo mama hawezi kunyonyesha, wauguzi huweza kumpa mtoto mchanga matone machache ya maji ya sukari dakika mbili hivi kabla. Ni kazi ya muuguzi, kwa maji safi na kipimo chake. Sisi tunaokata miwa tulistaajabu kusikia kwamba sukari ina kazi hiyo, nasi tunaikata kila siku bila kujua.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu apewe kitu cha kutazama na kushika, kitu kigeni kidogo, si kile anachokiona kila siku. Kifuniko cha chupa chenye mawe ndani, kitambaa kinachojificha na kutokea. Lakini kwa watoto wa miaka mitatu na zaidi hakuna kilichotufaa kama kupuliza. Bua la jani la mpapai, maji ya sabuni katika kopo, mtoto apulize mapovu. Au feni ya karatasi juu ya kijiti, ile watoto wanayokimbia nayo upepo ukaizungusha. Anayepuliza hawezi kubana pumzi, na asiyebana pumzi mwili wake hulegea. Muuguzi humwambia, "Puliza izunguke mpaka nikuambie basi," na sindano hupita hapo katikati. Tumeona mtoto akiuliza lini atachomwa, kumbe pamba tayari iko mkononi.

Wa shule wapewe kazi ya kichwa. Kuhesabu kurudi nyuma kutoka 50. Kutaja majina ya wachezaji wa timu yake. Vitendawili vinafaa sana, kwa kuwa anayesema "tega" ameingia mchezoni na anataka kushinda. Au hadithi ya Sungura ambayo baba anaikosea kwa makusudi, ili mtoto amsahihishe. Kukohoa mara moja, halafu mara ya pili wakati ule ule sindano inapoingia, ni njia nyingine iliyojaribiwa kwa wakubwa na kwa watoto wa shule, na ikapunguza maumivu kwa wengi. Fundi aambiwe kwanza, asije akashtuka.

Simu je? Ndiyo, siku hizi hata kampini simu zenye picha zipo, na katuni humshika mtoto vizuri. Tusiidharau. Ila tumeona kwamba mchezo unaomtaka mtoto afanye kitu na mtu anayempenda ni bora kuliko kumpa simu na kumwacha. Tena simu huishiwa moto wakati unapoihitaji.

Mtoto apewe na uchaguzi mdogo wa kweli. Mkono gani? Utakaa juu ya paja langu au kwenye kiti? Unataka kutazama au kutotazama? Wako watoto wanaotaka kuiona sindano, na ukiwafunika macho ndipo wanaogopa. Usimwulize "Tuchome?" kama kusema hapana hakuruhusiwi.

Na akae. Mtoto mdogo apakatwe kifua kwa kifua au mgongo kwa kifua, mkono mmoja wa mzazi ukiukumbatia mwili, wa pili ukiushika kwa upole mkono unaochomwa. Mkubwa aketi wima. Kumlaza chali na kumkandamiza, kama tulivyofanya sisi, humwambia mtoto kwamba ametekwa. Isipokuwa kijana ambaye aliwahi kuzimia akiona damu. Huyo alale, ndiyo salama yake.

Tusidanganyane hata hivyo. Haya hayaondoi maumivu yote, na mtoto mmoja haendi kama mwingine. Iko dawa ya kupaka inayoitia ngozi ganzi, hupakwa kama saa moja kabla, na mahali ilipo iombwe. Katika zahanati za kampi tulizofika hatukuikuta. Tena mtoto mwenye degedege au aliyezimia hangojewi kupuliza mapovu. Huyo afanyiwe kazi upesi, mzazi amshike na kumwita jina lake.

DAMU KIASI GANI

Watoto wengi huogopa kwamba damu itakwisha. Wazazi wengi pia, ingawa hawasemi. Mtoto wa kilo 10 ana damu mililita 800 hivi, yaani zaidi ya chupa moja na nusu ya soda ya nusu lita. Damu ya kupima kwa kawaida haizidi kijiko kimoja cha chai, na mwili huitengeneza nyingine. Kwa kipimo cha malaria cha kidole ni tone tu. Mwonyeshe mtoto kijiko, aone.

Wazee wetu wa Uganda na Kenya wakati wa ukoloni walisimuliana kwamba wazimamoto, wale wa magari mekundu, hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Huko pwani walisema mumiani. Vijana husikia wakacheka. Sisi hatucheki. Watu waliochukuliwa kwa kazi ya nguvu, wakapimwa, wakachomwa, na asipatikane hata mmoja wa kuwaeleza ni ya nini, walikuwa na haki ya kushuku. Dawa ya shaka ile ni maelezo, wakati ule na sasa. Mzazi ana haki ya kuuliza: damu hii mnapima nini, na majibu yatatoka lini?

Hapa Uganda swali hilo lina uzito zaidi kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu. Uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2014 na 2015 ulikuta kwamba karibu watoto 13 katika kila 100 wamebeba chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo, na karibu 7 katika kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Mtoto wa namna hiyo atatolewa damu miaka yote ya utoto wake. Mara ya kwanza ikiwa ya vita, zote zilizobaki zitakuwa za vita.

MTU WA MAABARA NI MFANYAKAZI

Baada ya mkutano mmoja ndugu kadhaa walitaka kwenda kumfokea yule fundi. Tuliwazuia. Alikuwa mtu mmoja mwenye foleni ya watu wa siku nzima, na asiye na msaidizi. Na yeye ana nyapara wake. Tulimwendea jioni, tukakaa naye kwenye benchi, tukamwuliza kama dakika mbili kwa kila mtoto zinawezekana. Alisema: "Nikipata mzazi anayejua kumpakata mtoto, ninaokoa dakika kumi." Kwa maneno mengine, yeye ndiye alikuwa anatungoja sisi.

Alitufundisha mambo ya ufundi wake pia. Mtoto anywe maji kabla kama hakuzuiwa, na mkono upashwe joto, ndipo mshipa huonekana. Kidole huchomwa ubavuni mwa ncha, si katikati, kwa sababu katikati huuma zaidi. Kukamua kidole kwa nguvu kunauma na kunaharibu kipimo. Bomba na sindano vitayarishwe mgongoni mwa mtoto, si mbele ya macho yake. Fundi akikosa mshipa mara mbili amwite mwenzake, na hilo linataka awepo mwenzake. Kwa hiyo katika madai yetu tumetia na msaidizi wa maabara.

SAA ZA MZAZI

Sasa, ndugu, mmefika mahali ambapo sindano inaingia katika kazi ya chama. Yote tuliyoandika hapo juu yanamtaka mzazi awepo. Katika kampi zetu wamo Wasoga, Waacholi, Waiteso, Walugbara, na wengine waliotoka Rwanda na Kongo. Mtoto wa miaka minne anajua lugha ya mama yake tu. Fundi akimwambia neno zuri la Kiganda, hasikii ila sauti ya mtu mgeni mwenye koti jeupe. Dada wa miaka tisa hawezi kumpakata, na yeye mwenyewe ni mtoto.

Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 165 juu ya wafanyakazi wenye jukumu la familia. Linasema kwamba mfanyakazi, mwanamke au mwanamume, aweze kupata ruhusa mtoto wake anapougua. Kumbukeni maneno hayo mawili, mwanamke au mwanamume. Pendekezo si sheria, na meneja atawaambia hivyo. Lakini hakuna linalowazuia wafanyakazi na mwajiri kuliandika katika mkataba wao wa pamoja.

Katika tawi lile tulipeleka madai matatu: msaidizi wa maabara siku za foleni kubwa, benchi na pazia, ili mtoto asimwone mwenzake akichomwa, na nusu siku ya ruhusa kwa mzazi mmoja mtoto anapopelekwa zahanati, bila kupoteza mstari wala siku. Benchi na pazia tulipata katika juma moja. Msaidizi tuliahidiwa, akaja siku mbili kwa juma. Ruhusa ilikataliwa. Meneja alisema mtoto ni jambo la nyumbani.

Tulimpelekea hesabu. Yule mama alinyimwa nusu siku, akapoteza siku nane. Trekta ilikwenda hospitali usiku na kurudi, mafuta ya kampuni. Miwa ya mstari wake ilikaa imekatwa nusu, ikangoja. Tulimwuliza ni ipi ghali, nusu siku au hiyo. Alisema atapeleka juu. Mpaka tunaandika somo hili jibu halijashuka, na jambo hili litakuwa la kwanza katika mazungumzo ya mkataba.

KAZI YA KIKUNDI

Katika kikundi chenu someni somo hili kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikia, halafu mzungumze haya. Katika kampi yenu mtoto anayeumwa hupelekwa na nani, na kwa nini si mzazi? Kwa mwezi mmoja, ni wanachama wangapi waliopoteza siku au mstari kwa sababu ya mtoto mgonjwa? Andikeni tarehe na idadi ya siku, si majina, na mmpe mwakilishi wenu. Zahanati yenu ina wafanyakazi wangapi wa maabara, na kuna yeyote kati yenu aliyewahi kukaa nao kuzungumza?

Wanaume wajaribu kumpakata mtoto kama tulivyoeleza, mbele ya wenzao, mmoja akijifanya fundi mwenye kalamu badala ya sindano. Watu watacheka mara ya kwanza. Mwishoni mtengeneze feni kumi na mzipeleke zahanati. Kila mtu aje na karatasi moja, kijiti na mwiba.